Maua ya Manjano Aliyoyataka Mamako

Malindi
Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu Rukia,

Ninapoandika haya wewe uko Jilore kumuaga shangazi yako Mishi, na nyumba imenyamaza mpaka nasikia kalamu inavyokwaruza karatasi. Nilifunga mlango makusudi, nikakaa peke yangu kwenye kibao cha jikoni nionje kesho itakavyokuwa. Sikumaliza nusu saa. Nikanyanyuka, nikachukua daftari langu la ngumbaru, la masomo yetu sisi wazee, lile ulilonipigia mistari kwa rula, nikaanza. Mwandiko wangu unaujua. Penye neno usilolielewa, niite nikusomee.

Mambo ya safari sitayaandika. Sanduku umelifunga mwenyewe, masweta unayo mawili, na habari za kuswali na kula kwa wakati umezisikia mpaka umechoka nazo. Ninalotaka kukwambia ni jibu la swali uliloniuliza wiki iliyopita, ulipokuwa ukifagia mbele ya nyumba.

Uliniuliza hivi: "Baba, wewe umetunza bustani ya Mzungu miaka yote ile, yenye maua ya kila rangi. Mbona kwetu umepanda ya manjano matupu?"

Nikakujibu kuwa ndiyo yaliyokubali udongo wetu. Ukaridhika, ukaendelea kufagia. Jibu lile lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa kipande tu, na mimi nimekulea kwa vipande vya namna hiyo. Kesho unakwenda Nyahururu kusomea ualimu. Sitaki uende na vipande.

Bustani ya Bibi huwezi kuikumbuka, ulikuwa mdogo. Yule mama wa Kizungu, sote tulimwita Bibi, alikuwa mjane, nyumba yake ilikuwa upande wa kusini mwa mji, na mimi nilianza kumfanyia kazi kabla sijamuoa mamako. Wazungu wenzake walipanda bogenvilia wakatosheka. Yeye alikuwa na wazimu wa ua moja tu, yungiyungi la siku moja. Mashina yake alitumiwa kutoka kwao, yamefungwa kwa magazeti, na siku ya kufungua vifurushi vile alikuwa hawezi kula. Umeyaona majani yake hapa kwetu, kama mchaichai lakini mapana zaidi. Katikati hutoka bua, juu ya bua matumba kumi au zaidi, na kila tumba lina siku yake moja. Linachanua asubuhi, likifika magharibi limesinyaa, na kesho yake linachanua jirani yake. Kazi yangu ya mwisho kila siku ilikuwa kuchuma yaliyokufa, ili Bibi akiamka asione ila yaliyo hai.

Kila aina ilikuwa na kibao cha bati chenye jina la Kiingereza. Mimi zile herufi sikuzijua, nikayapa majina yangu. Jekundu lenye koo la dhahabu nililiita Bi Harusi. La kahawia lenye kung'aa nililiita Halua. Lile la waridi lililokunjamana ukingoni nililiita Leso Mpya. Bibi naye akazoea. Alikuwa akitoka na kikombe chake cha chai ananiambia, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, kwamba leo tutamgawa Halua kwa sababu amenenepa.

Alinifundisha mengi. Kuligawa shina bila kulijeruhi, kupunguza majani yabaki shibiri moja, kutolizika shingo lake ndani sana ya udongo. Na alinifundisha jambo moja ambalo nililisikia kwa sikio moja likatokea la pili. Alisema mayungiyungi haya yako ya namna mbili. Yako ambayo majani yake hayakauki mwaka mzima, hayo hayana taabu na joto letu. Na yako ambayo kwao hulala wakati wa baridi, na yakiikosa ile baridi huchoka, hupungua kidogo kidogo, hufa. Bi Harusi, Halua na Leso Mpya yote yalikuwa ya kulala. Bibi alikuwa akiagiza mashina mapya kila baada ya miaka miwili mitatu kufidia yaliyokufa. Mimi niliyaona yakichanua, hayo ya kufa nikayachukulia kuwa ni kawaida ya kazi.

La manjano lilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji. Halikuwa na kibao. Bibi mwenyewe hakukumbuka alipewa na nani. Ua lake dogo, jembamba, rangi kama bizari, hata wageni hawakuzungushwa huko. Lakini lilikuwa na tabia yake peke yake. Wenzake wakianza kujifunga jioni, lenyewe ndipo linapofunguka, likabaki wazi mpaka kesho yake adhuhuri, na lilinukia. Harufu nyepesi, kama mtu aliyekata ndimu chumba cha pili.

Mwezi wa Ramadhani mmoja nilicheleweshwa kazini, mamako akaniletea futari. Alikuwa mjamzito, wewe ndiwe uliyekuwa tumboni. Tukafuturu pale karibu na tangi, tende na uji wa tambi, na ile harufu ikatujia. Akauliza jina lake. Nikamwambia halina. Akacheka, akasema basi limenusurika, maana mimi ningeliita Bizari. Mwanahawa alikuwa na mzaha wa watu wa kwao Faza, huko visiwani kaskazini, anasema neno huku hakutazami.

Ulipokuwa na miaka mitano hivi, Bibi alizeeka, akaamua kurudi kwao asirudi tena. Nyumba ilinunuliwa na watu wa hoteli. Aliniita akaniambia mwezi ujao watachimba bwawa la kuogelea pale pale kwenye bustani, kwa hivyo nichague ninachokitaka nikapande kwangu. Aliangalia pembeni aliposema hivyo, na mimi nikaangalia chini.

Nilirudi nyumbani na furaha ambayo leo naionea haya. Sisi hatukuwa na kitu cha kuonyesha watu. Mbele ya nyumba palikuwa na mpapai mmoja na kamba ya kuanikia nguo. Nikamwambia mamako, Mwanahawa, mtaa mzima utakuja kutazama. Nikamuuliza, kwa mdomo tu, yeye angependa lipi.

Akasema, "Lile la manjano la kule nyuma."

Nikamwambia lile halina sura, na mbele ya nyumba pana nafasi ya mashina sita tu. Akaniambia maneno ambayo niliyasikia wakati ule kama ninavyowasikia watu wakipita njiani. Alisema, "Mchana nina kazi, Baba Rukia, sina haja ya maua. Jioni ndiyo sina mtu."

Jioni mimi nilikuwa barazani kwa wanaume wenzangu, kila siku, mpaka baada ya isha. Yeye alikuwa kwenye mkeka ndani, wewe umelala, mlango umerudishwa. Hakuwa na ndugu hapa Malindi. Hakunilaumu kwa kusema vile, alikuwa anajibu swali. Nikamwambia inshallah, nitamletea.

Siku ya kuyachimba nilikodi mkokoteni. Nikapakia Bi Harusi mawili, Halua mawili, Leso Mpya moja, na pakabaki nafasi ya shina la sita. Nikaenda mpaka kwenye tangi na jembe mkononi. Nililisimamia lile la manjano, nikalitazama, na nilichokiona ni mtaa mzima ukilipita bila kugeuka. Nikarudi mbele, nikachimba Leso Mpya la pili.

Nyumbani mamako alitoka, akayahesabu kwa macho, akauliza. Nikamwambia lile la manjano limeoza kwa mvua. Uongo huo ulinitoka laini kabisa, mwanangu. Sikuona hata haja ya kuufikiria, kwa sababu niliona ni ua tu.

Mwaka ule wa kwanza yalichanua kama yalivyokuwa kwa Bibi. Watu walikuja kweli. Mwalimu wa madrasa alikuja, mafundi wa jahazi walikuja, hata bwana mmoja mwenye duka la vitambaa alisimamisha gari. Nilikaa barazani nikisifiwa. Mwaka wa pili Halua hayakuchanua. Mwaka ule ule majani yakaja membamba kama nyasi, na masika yalipokazana Bi Harusi moja likaoza, ukilishika linabaki mkononi. Nikaweka majivu. Nikaweka mbolea ya ng'ombe. Nikayajengea kivuli cha makuti. Ndipo nikakumbuka maneno ya Bibi juu ya baridi, na nikafanya jambo ambalo mtaa uliniimbia mwaka mzima: nikawa nachukua barafu kwa wauza samaki, naibeba kwa gunia, naipanga kuzunguka mashina. Wewe ulikuwa ukija kuilamba, na mamako akikukataza kwa sababu ya vumba la samaki. Mimi alikuwa akinitazama tu kutoka mlangoni. Kwa muda ule wote sikumbuki kumuuliza jambo lolote ila kama chakula tayari.

Ulipofika miaka saba, habari ilikuja kwamba nyanya yako wa Faza anaumwa. Mamako akaomba ruhusa akamuuguze. Wewe ulikuwa umeanza shule, tukakubaliana ubaki na shangazi yako. Nilimsindikiza kwenye basi la kaskazini. Alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi aliponigeukia.

"Yale ya manjano niliyaona," akasema. "Nilikwenda kumuaga Bibi, siku ya tatu baada ya wewe kuyachimba yale yako. Yalikuwa yamesimama pale pale, yana maua."

Nikataka kusema kitu. Hakuningoja.

"Si kwa ajili ya ua, Baba Rukia. Ni kwamba hukuona haja ya kuniambia kweli hata katika jambo dogo kama lile. Nimekaa nalo miaka miwili nikitazama kama utalisema mwenyewe."

Akapanda, akaketi upande wa pili, basi likaondoka. Mimi badala ya kuona haya niliona hasira. Niliona ameniaibisha mbele ya utingo wa basi. Ndivyo nilivyokuwa.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu imekuwa nzito.

Baada ya miezi mitatu mjomba wako Bwanaheri alikuja Malindi. Alileta ujumbe kwamba mama yao amepata nafuu, na dada yake yuko tayari kurudi, lakini anaomba niende nikamchukue mwenyewe. Hakutaka zawadi wala wazee wa kusuluhisha. Alitaka nifike tu, anione nimefika.

Nikamjibu kwamba mimi sikumfukuza, na njia anaijua.

Mjomba wako alikuwa kijana mpole. Akaniuliza tena, mara mbili. Nikatoa sababu ya mvua, kwamba mto umejaa na barabara imekatika Garsen. Ilikuwa imekatika kweli, kwa juma moja. Na nyuma ya hasira ile kulikuwa na sababu nyingine ambayo sijawahi kumwambia mtu. Lile Leso Mpya lililobaki lilikuwa limetoa bua, la kwanza kwa miaka miwili, na lilikuwa na tumba moja. Nilitaka kuliona likichanua. Lilichanua Jumapili. Mvua ikalipiga kabla ya adhuhuri likawa kama kitambaa kilichokamuliwa, na hakuna mtu aliyeliona ila mimi.

Niliendelea kungoja arudi mwenyewe. Yeye, nadhani, aliendelea kuningoja. Mwaka ukapita hivyo. Kisha homa ikamshika, siku nne, akafariki. Habari ilinifikia akiwa ameshazikwa. Sikwenda hata kwenye khitma. Nilijiambia kuwa ni mbali. Ukweli ni kwamba niliogopa kuingia nyumba ile Bwanaheri akanitazama.

Wewe ulilia siku tatu. Halafu ulipokuwa na miaka kumi uliniuliza kwa nini mamako hakurudi kabla hajaugua, maana nyanya alikuwa ameshapona. Nikakujibu kwamba alipenda zaidi kwao. Umelikumbuka jibu hilo? Mimi nalikumbuka kila herufi. Ulikwenda kwenye sanduku, ukaitoa leso yake ya njano na nyeusi uliyokuwa ukilala nayo, ukampa shangazi yako aliyekuja kututazama, ukamwambia huitaki tena. Nilikuona. Ningeweza kukuita nikakwambia. Badala yake nilimwacha mtu aliyekufa abebe kosa langu mbele ya mwanawe.

Mwanahawa hakukuacha, Rukia. Aliomba kurudi kwako. Mimi ndiye niliyekaa.

Shangazi yako anayajua haya karibu yote, na kila mwaka amekuwa akinishika sikio. Mwezi uliopita alisema, "Athumani, huyu mtoto utamfungasha aende na uongo wako mkobani." Leso ile hakuitupa. Nilimtumia neno akurudishie leo. Utafika nayo mkononi na utataka kujua sababu. Sababu ndiyo hii.

Kuhusu maua, yamebaki machache ya kukwambia. Mwezi mmoja baada ya msiba nilikwenda kwenye ile nyumba ya Bibi. Ilikuwa hoteli tayari, bwawa limejaa maji, Waitaliano wamelala juani. Nikamuomba mtunza bustani wao aniruhusu kuzunguka nyuma. Tangi lilikuwa limevunjwa. Nikatafuta kwenye kifusi walichotupa nje ya ukuta, na huko, kati ya matofali na chupa, yalikuwa yameota. Hakuna aliyeyapanda wala kuyamwagilia. Nikachukua shina moja kwa mikono. Niling'oa yaliyobaki mbele ya nyumba, yale ya fahari, nikalipanda hilo. Mengine yote unayoyaona leo yametoka humo, nimeyagawa kila yalipobanana. Majani yake hayajakauka hata siku moja.

Tangu hapo niliacha kwenda barazani. Ulidhani nimechoka na maneno ya watu. Nilikuwa nakaa kwenye mkeka pale alipokuwa akikaa yeye, mlango nimeufungua, wewe ukifanya masomo yako kwenye taa. Na nilijua alichokuwa akiniambia. Saa ile ni ndefu, mwanangu. Mchana mtu ana jembe, ana soko, ana salamu za njiani. Ikifika saa ile hakuna kinachokutaka. Miaka hii yote nimekuwa na wewe, sikuionja sawasawa kama alivyoionja yeye. Kuanzia kesho nitaionja. Sikwambii haya ili ubaki. Ukibaki nitakasirika.

Watu wa hoteli ninayofanyia kazi sasa huniuliza mara nyingine wapande aina gani kwenye nyumba zao. Zamani ningewatajia rangi. Siku hizi nawauliza ni nani atakayekaa hapo, na saa ngapi. Wengi hawajui kujibu. Bwana mmoja alimwita mkewe akamuuliza mbele yangu, na yule mama akashangaa kuulizwa.

Huko Nyahururu kuna baridi, nasikia asubuhi nyasi huwa nyeupe. Ukiona kwenye ua wa mtu yungiyungi jekundu lenye koo la dhahabu, limesimama na afya, ujue ndilo Bi Harusi. Halikuwa ua baya. Nililileta mahali ambapo halikuweza kuishi, kisha kwa ajili yake nikamwacha mtu aliyeweza kuishi hapo.

Nilifikiri kukupa barua hii kesho, uisome kwenye basi. Nikaona huo nao ni woga, kukuachia maneno kisha nikabaki nyuma salama. Kwa hivyo utaikuta mezani leo ukirudi, na mimi nikiwa hapa, ili ukitaka kunikasirikia unikasirikie usoni. Sikuombi unisamehe kabla ya safari. Safari haina haja ya haraka ya namna hiyo. Ninachokuomba ni kwamba likizo ya kwanza uende Faza. Muulize mjomba wako Bwanaheri, bado yuko, ana duka karibu na msikiti. Atakuonyesha alipolala mamako, na atakwambia kwa upande wake haya niliyokwambia kwa upande wangu. Ukitaka niwe nawe, nitakuwa nawe. Ukitaka kwenda peke yako, pia ni haki yako.

Nitakuwa nje wakati unasoma. Usiponiita, sitaingia mpaka umelala, na kesho alfajiri nitakubebea sanduku mpaka kwenye basi la Mombasa bila kukuuliza neno. Ukiniita, nitaingia mara moja.

Na huko utakakokuwa, ukipatwa na jambo, au usipatwe na jambo lolote ila umetaka tu kumuona mtu wa kwenu, nitumie neno. Mimi sijawahi kupita Mombasa. Sijui basi la huko linaondokea wapi. Nitauliza, na nitakuja.

Babako,
Athumani